Mfano Usioweza Kufeli

"Dada, samahani. Nimefuta mstari unaotuma ujumbe, na jaribio bado linapita. Nimekosea wapi?"

Swali hilo niliulizwa na kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo ya vitendo, katika wiki yake ya pili, na kwa muda mfupi nilidhani amefuta mstari katika faili lisilo lenyewe. Nilivuta kiti, nikaiangalia skrini yake, nikayaendesha kwa mkono wangu majaribio, yaani vipande vya msimbo vinavyohakiki kama programu inafanya kazi yake. Ilikuwa kweli. Programu ya kuwakumbusha wanachama wa chama cha kuweka na kukopa tarehe za marejesho yao haikuwa na mstari hata mmoja unaotuma ujumbe, na majaribio yote yalikuwa ya kijani, yaani yamepita. Kijana hakuwa amekosea popote. Alikuwa amenakili mfano kutoka kwenye mwongozo wa majaribio wa timu yetu, herufi kwa herufi, akabadilisha majina tu, na mwongozo huo niliuandika mimi.

Mfano wenyewe ulikuwa hivi:

```
def test_mwanachama_anakumbushwa():
    mtumaji = Mock()
    kumbusha(mtumaji, "mwanachama-7")
    assert mtumaji.tuma.called_once_with("mwanachama-7")
```

Mtu anayeifahamu lugha ya programu ya Python kwa juu juu atausoma mstari wa mwisho kama sentensi ya kawaida: hakikisha kwamba `tuma` imeitwa mara moja tu, tena kwa hoja hii, yaani thamani iliyo ndani ya mabano. Tatizo ni kwamba `called_once_with` haipo. Fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina, kinachoitwa kifanye kazi) iliyopo ni `assert_called_once_with`, nayo huitwa peke yake bila neno `assert` kutangulia. Kiigizo cha `Mock`, ambacho kazi yake ni kusimama mahali pa kitu halisi wakati wa jaribio, kimeumbwa kwa ukarimu uliopita kiasi: ukikiomba sifa ambayo hakina, hakikatai, bali hukuundia papo hapo kiigizo kingine na kukukabidhi, nawe ukikiita hicho kipya kana kwamba ni fanksheni, kinakurudishia kiigizo cha tatu. Kwa kuwa Python huhesabu kitu chochote kuwa kweli isipokuwa kimejieleza vinginevyo, `assert` inapokea kiigizo hicho cha tatu, inakiona ni kweli, inanyamaza. Hakuna kilichohakikiwa. Nilimwonyesha kijana kwamba jaribio lingepita hata kama tungeandika `assert mtumaji.tuma.ugali_na_maharage("mwanachama-7")`, tukaandika, likapita, akacheka. Mimi sikucheka sana, kwa sababu nilikuwa tayari nimeanza kuhesabu kichwani ni watu wangapi wamepitia mwongozo ule tangu nilipouweka.

Wakati huo seva zetu zilikuwa zikitumia Python 3.10. Katika toleo la 3.12, lililotoka Oktoba 2023, mstari ule ule haupiti tena: kiigizo hurusha kosa la `AttributeError`, yaani kosa la sifa isiyokuwapo, kwa kila sifa inayofanana na jina la fanksheni ya uhakiki iliyopokonywa kiambishi chake cha `assert_`. Kwa hiyo anayesoma habari hii akiwa na toleo jipya atajaribu mfano wangu, ataona kosa, na huenda akadhani natia chumvi. Hapo ndipo ugumu wa kusahihisha mifano ya majaribio unapoanzia, kwa kuwa ukweli wa mfano huenda pamoja na toleo, na ukurasa wa maelezo aghalabu husafiri bila toleo lake.

Historia ya maktaba inayotoa `Mock`, yaani mkusanyiko wa msimbo uliokwisha kuandikwa ili wengine wautumie, ni kielelezo kizuri cha jambo hilo, nami naomba msomaji anivumilie nikae hapa kidogo. `unittest.mock` iliingia katika maktaba ya msingi ya Python kwenye toleo la 3.3, mwaka 2012, ikitokana na maktaba ya `mock` ya Michael Foord. Katika miaka ya mwanzo fanksheni ya `assert_called_once`, isiyo na `_with` mwishoni, haikuwapo kabisa, ingawa jina lake lilikuwa la kutarajiwa mno kiasi kwamba watu waliliandika bila kufungua nyaraka. Aliyeandika `mtumaji.tuma.assert_called_once()` katika Python 3.4 alipata ukimya: jaribio lilipita, lolote lililotokea. Katika toleo la 3.5, la mwaka 2015, iliwekwa kanuni kwamba sifa yoyote isiyojulikana inayoanza na `assert` itarusha kosa, na mstari ule ule ukaanza kufeli hata pale programu ilipokuwa sahihi. Katika toleo la 3.6, mwaka 2016, fanksheni hiyo ikaongezwa rasmi, na mstari ule ule, bila kubadilishwa herufi, ukaanza hatimaye kufanya kile ambacho waandishi wake walidhani unafanya siku zote. Mstari mmoja, maana tatu. Mwandishi wa mwongozo aliyeunakili mwaka 2014 alikuwa akifundisha kosa. Aliyeunakili mwaka 2017 alikuwa akifundisha jambo sahihi. Na maandishi yao yanaweza kuwa hayatofautiani kwa nukta.

Kanuni ile ya toleo la 3.5 ina jambo jingine ambalo bado hunifurahisha. Haikuzuia sifa zinazoanza na `assert` tu, bali pia zinazoanza na `assret`. Ndiyo, kosa la tahajia limeandikwa ndani ya maktaba ya msingi ya lugha inayotumiwa duniani kote, kama kanuni, kwa sababu vidole vya watu huteleza mahali pale pale. Katika toleo la 3.10 orodha ikaongezewa `asert`, `aseert` na `assrt`. Sijui orodha ya makosa ya kuandika iliyowahi kuheshimiwa namna hiyo.

Nilipoketi kusahihisha mwongozo wetu nilirudi kwenye nyaraka rasmi, sehemu inayozungumzia `autospec`, njia ya kukifanya kiigizo kifuate umbo la kitu halisi, na nikakuta mfano unaoita `mock.assret_called_once_with(4, 5, 6)`. Mara ya kwanza kuuona, miaka ya nyuma, nilikaribia kutuma sahihisho kwa fahari kubwa, nikidhani nimewakamata wakubwa wakikosea tahajia. Bahati nzuri pembeni ya mstari palikuwa na maelezo ya Kiingereza yanayosema kwamba kosa hilo ni la makusudi, na sidhani maelezo hayo yaliwekwa bure. Bila shaka sikuwa wa kwanza kuwashwa na vidole. Mfano ulikusudiwa kuonyesha jinsi tahajia mbaya inavyoweza kulifanya jaribio lipite kimya kimya. Safari hii, badala ya kuusoma tu, niliuendesha. Haukupita kimya kimya. Ulirusha `AttributeError`, kwa sababu kanuni ya 3.5 ilikwisha kulifunga shimo lile lile ambalo mfano ulikuwa ukilionyesha. Nyaraka za matoleo kadhaa yaliyofuata kanuni hiyo ziliendelea kuwaambia wasomaji kwamba majaribio yao yangepita kwa uongo mahali ambapo yasingeweza tena kupita. Baadaye sehemu hiyo iliandikwa upya, na pale palipokuwa pakisema kwamba `Mock` ina kasoro mbili pakabaki kasoro moja.

Naieleza habari hii si kwa kuwalaumu walioziandika nyaraka hizo, ambazo ni miongoni mwa nyaraka bora ninazozifahamu. Naieleza kwa sababu mfano ule ulikuwa umesomwa na watu wengi mno, wenye macho makali kuliko yangu, na kosa lake halikuonekana kwa kusoma, kwa kuwa katika kusoma kila kitu kilikuwa sawa: maelezo yalieleweka, msimbo ulilingana na maelezo, na hoja ilikuwa ya busara. Ilihitajika kuuendesha. Na hata kuuendesha, kama nitakavyoeleza, si wakati wote kunatosha.

Sahihisho langu la kwanza lilikuwa baya karibu sawa na kosa lenyewe. Niliamini kwamba dawa ni kukifunga kiigizo kwenye darasa halisi, ili kisiweze kubuni sifa, nikaandika `Mock(spec=Mtumaji)` na kuacha mistari mingine ilivyo, nikitaka kuonyesha kwamba sasa kosa litajitokeza lenyewe. Kijana akafuta tena mstari wa kutuma, tukaendesha, na kijani kikatutazama. Sababu ni kwamba `spec` hulinda tabaka la juu tu: `mtumaji` hawezi kubuni sifa asiyokuwa nayo, lakini `mtumaji.tuma` ni kiigizo cha kawaida chenye ukarimu ule ule wa zamani. Anayetaka ulinzi ushuke hadi chini hutumia `create_autospec`. Mfano uliobaki katika mwongozo wetu leo ni huu:

```
def test_mwanachama_anakumbushwa():
    mtumaji = create_autospec(Mtumaji, instance=True)
    kumbusha(mtumaji, "mwanachama-7")
    mtumaji.tuma.assert_called_once_with("mwanachama-7")
```

Ukiufuta mstari wa kutuma ndani ya `kumbusha`, unafeli. Ukituma mara mbili, unafeli. Ukikosea jina la fanksheni ya uhakiki, unafeli kwa kosa linaloitaja sifa isiyokuwapo. Tulijaribu yote matatu kabla ya kuuhifadhi, na tangu siku hiyo sijaweka mfano wa jaribio mahali popote kabla ya kuuona ukiwa mwekundu, yaani ukifeli.

Wapo watakaosema kwamba tatizo hili lilikwisha kupatiwa ufumbuzi, kwamba mifano ya nyaraka iendeshwe na mashine kila msimbo unapobadilika. Ni kweli kwamba zana zipo, tena nzuri. Python ina `doctest` tangu toleo la 2.1, mwaka 2001, ambayo huisoma mifano iliyoandikwa ndani ya maelezo, kuiendesha na kulinganisha matokeo na yaliyoandikwa chini yake. Katika lugha ya Rust, amri ya `cargo test` huiendesha mifano iliyo ndani ya maelezo ya maktaba pamoja na majaribio mengine. Lugha ya Go ina fanksheni za `Example`, ingawa nako kuna mtego mdogo: mfano usio na maelezo ya `// Output:` mwishoni hukaguliwa tu kuona kama ni msimbo halali, wala hauendeshwi. Zana hizi zingeukamata mfano wa `assret` siku ile ile kanuni ya 3.5 ilipoingia, na kwa nyaraka za kawaida, zinazosema ukiandika hivi utapata vile, sioni udhuru wa kutozitumia.

Lakini zisingeukamata mfano wangu. Katika Python 3.10, `assert mtumaji.tuma.called_once_with("mwanachama-7")` huendeshwa bila kosa na kutoa matokeo yanayotarajiwa, yaani ukimya. Mashine ingeuweka alama ya kijani kila usiku kwa miaka kumi. Nyaraka za majaribio zina tofauti hii na nyaraka nyingine zote: mfano wa kupanga orodha huthibitishwa kwa kuona orodha imepangika, ilhali mfano wa jaribio hauthibitishwi kwa kupita, kwa kuwa kupita ndicho kitu ambacho jaribio bovu linakiweza kuliko vyote. Unatakiwa uendeshwe mara mbili, mara moja dhidi ya programu isiyo na kasoro na mara moja dhidi ya programu iliyovunjwa kwa makusudi, na katika mara hiyo ya pili kufeli ndiko kufaulu. Wanaofanya majaribio ya mabadiliko, wanaoharibu msimbo kidogo kidogo ili kuona kama kuna jaribio litakalolalamika, wanalijua jambo hili vizuri. Kwa nini tumeliacha lisifike kwenye kurasa ambazo wanagenzi hujifunzia, sielewi.

Mara baada ya hapo tuliupitia mwongozo wote kwa kuvunja. Mfano wa pili kuanguka ulihusu `pytest.raises`, ya zana ya majaribio iitwayo pytest, inayohakiki kwamba kosa fulani limerushwa, na mfano huu nauona mahali pengi:

```
with pytest.raises(ValueError) as habari:
    toa_fedha(akaunti, -500)
    assert "hasi" in str(habari.value)
```

Mstari wa tatu hauendeshwi kamwe. `toa_fedha` inaporusha kosa, utekelezaji unatoka ndani ya `with` papo hapo, na uhakiki wa maneno ya kosa unabaki pambo. Ukibadilisha "hasi" kuwa neno lolote, jaribio linapita. Tiba ni kuurudisha mstari huo nyuma nafasi nne, nje ya `with`; nafasi nne tupu ndizo zote zinazotenganisha jaribio na pambo, na nyaraka za pytest zenyewe zinalionya jambo hili, ila onyo liko katika aya na watu hunakili kisanduku cha msimbo. Kwa sababu hiyo nimekuwa na msimamo ambao wenzangu wengine huuona mkali: mfano mbaya ukilazimika kuonyeshwa, ubaya wake uandikwe ndani ya msimbo wenyewe, kwenye mstari husika, ili mtu akiunakili aondoke na onyo lake.

Pytest ina kisa kingine kinachoonyesha kwamba wakati mwingine kosa haliko katika maelezo hata kidogo. `pytest.raises` ilikuwa na hoja inayoitwa `message`. Ukiwa msomaji wa kawaida utaamini kwamba `message="kiasi hasi"` inahakiki kuwa kosa limebeba maneno hayo. Sivyo, yalikuwa maneno ya kuonyeshwa endapo kosa lisingerushwa kabisa. Watu waliendelea kuikosea, maana jina lenyewe lilikuwa likiwadanganya kwa sauti kubwa kuliko aya yoyote, na waandaaji wakaamua kuitangaza kuwa imepitwa na wakati katika toleo la 4.1 na kuiondoa kabisa katika toleo la 5.0, yote mawili mwaka 2019. Anayetaka kuhakiki maneno hutumia `match`. Nampa heshima mtu anayeweza kukiri kwamba sahihisho la nyaraka halitoshi na kwamba kitu chenyewe kinatakiwa kiondoke.

Mifano mingine nitaitaja kwa haraka. `self.assertTrue(jumla, 500)` haihakiki kwamba jumla ni 500, kwa kuwa hoja ya pili ni maneno ya kuonyesha tu. Jumla yoyote isiyo sifuri inapita. `assert (jumla == 500, "jumla si sahihi")` ni jozi ndani ya mabano, na jozi isiyo tupu ni kweli siku zote, ingawa Python hutoa onyo kwa atakayelisoma. Kwa wanaotumia Jest, zana ya majaribio ya lugha ya JavaScript, uhakiki wa ahadi (kazi ambayo matokeo yake huja baadaye) usiotanguliwa na `await` wala `return` humaliza jaribio kabla ahadi haijatimia, na hilo nalo ni la kijani.

Nilipokwisha kusafisha nyumba yangu nilianza kutuma masahihisho nje, kwa maktaba ndogo tunazozitumia. Nilijifunza kwa kukataliwa. Ombi langu la kwanza lilikuwa na aya tano zinazoeleza falsafa ya majaribio kwa mtu aliyekuwa akiitunza maktaba hiyo bila malipo, baada ya saa za kazi. Alinijibu kwa upole akiniomba niondoe aya zote, nibakize mistari miwili ya msimbo iliyobadilika. Alikuwa sahihi. Sasa naandika mambo machache tu: toleo nililotumia, mstari niliouvunja katika msimbo wa mfano, matokeo ya mfano wa zamani baada ya kuvunja, na matokeo ya mfano mpya baada ya kuvunja vile vile. Mtunzaji anaweza kurudia hatua hizo kwa dakika mbili bila kuniamini mimi. Kabla ya kutuma huangalia pia historia ya mstari huo, nani aliuandika na kwa sababu gani, kwa maana sijasahau jinsi nilivyokaribia kuisahihisha `assret`. Na siunganishi sahihisho la msimbo na sahihisho la lugha katika ombi moja, hata pale Kiingereza cha ukurasa kinaponikereketa, kwa sababu mjadala wa koma huumeza mjadala wa jaribio.

Kijana alimaliza mafunzo yake mwezi uliopita. Kazi yake ya mwisho kwetu ilikuwa kuongeza, chini ya kila mfano wa mwongozo, mstari mmoja unaosema ufute nini au ubadilishe nini ili uuone mfano ukifeli, na ameifanya kwa mifano yote isipokuwa mmoja. Huo unaonyesha jinsi ya kuhakiki kwamba watu wawili wakilipa marejesho kwa wakati mmoja, salio halikosewi. Amejaribu kuondoa kufuli la hifadhidata, na mara nyingi jaribio bado linapita, kwa kuwa kwenye kompyuta moja malipo hayo mawili hayagongani ila kwa nadra. Chini ya mfano huo ameniachia maneno haya: "Dada, huu sijaweza kuuvunja. Nimeuacha wazi." Nimeuondoa kwenye mwongozo hadi nitakapoweza.